Mate ya Mama Arlys

Mwanafunzi wa Chuo cha Halvorsen angeweza kumaliza miaka yake minne bila kumjua rais wa chuo kwa sura, na wengi walimaliza hivyo. Lakini hakuna aliyemaliza bila kumjua Arlys Budzinski, maana hakuna asomaye bila kula. Kwa miaka kumi na tisa Arlys alikaa kwenye kiti kirefu mlangoni pa bwalo, akipokea kadi zao na kuzipitisha kwenye mashine, asubuhi, mchana na jioni, na kila kadi aliirudisha pamoja na neno. "Brody, umekata nywele, sasa mama yako atapata usingizi." "Mtihani wa kemia umekwendaje?" "Wewe jana hukuja kula. Ulikuwa wapi?" Hilo swali la mwisho wapo watu wazima leo, wenye ndevu na watoto, wanaokiri kwamba ndilo lililowavusha mwaka wa kwanza.

Chuo nacho kiliijua thamani yake. Picha yake akicheka ilikuwa ukurasa wa pili wa kitabu kinachotumwa kwa wazazi kabla hawajalipa ada, na chini yake maneno manene: Hapa sisi ni familia.

Familia! Ngojeni niwaeleze familia hiyo ilivyokuwa.

Wanafunzi walirudi Osmund Falls, mji wa chuo hicho, wiki ya mwisho ya Januari mwaka 2021, mwezi ambao katika jimbo la Wisconsin hata mbwa huomba kurudishwa ndani. Korona ilikuwa imeshaua watu wengi wilayani kuliko mtu yeyote alivyotaka kuhesabu. Bwaloni viti viliondolewa vyote, chakula kikawa kinatolewa kwenye maboksi, na wakubwa wa chuo, waliokuwa wakikutana kwa kompyuta wakiwa majumbani mwao kwenye joto, wakaamua watoto wawe wanakula nje. Wakaweka moto uwanjani, viti vya mbao kuuzunguka, na kibao: Furahieni Baridi! Nyuzi ishirini chini ya sifuri, mtoto wa watu ameshika kijiko kwa glavu, supu inaanza kuganda kabla hajafika katikati ya bakuli. Furahieni. Mlangoni pa jikoni wakapigilia kibao kingine kilichosema kwamba humo hufanya kazi mashujaa.

Kila Jumatatu na Alhamisi watu wa chuo walitema mate kwenye kichupa. Kazi hiyo ilifanyika katika chumba cha zamani cha biliadi, hatua kumi tu kutoka kiti cha Arlys. Hukuruhusiwa kula wala kunywa nusu saa kabla, unapewa kichupa chenye jina lako, unatema, na kesho yake saa tano asubuhi simu yako inakuwa ya kijani au nyekundu. Wanafunzi walitema. Walimu walitema, hata wale waliokuwa wakifundisha kutoka sebuleni kwao. Kocha wa magongo ya barafu alitema, na msimu wake ulikuwa umefutwa.

Watu wa bwaloni hawakutema. Miaka tisa kabla ya hapo chuo kilikuwa kimewakabidhi kwa kampuni ya chakula. Arlys alitoka kazini Ijumaa akiwa mtu wa chuo, akarudi Jumatatu akiwa mtu wa kampuni, kiti kilekile, mlango uleule. Lilikuwa jambo la karatasi tu, walimwambia wakati ule, na yeye akaamini.

Kampuni ilikuwa na kinga yake ya aina yake. Msimamizi, mtu aitwaye Tillotson, alisoma mahali kwamba anayehesabiwa kuwa hatarini ni yule aliyekaa karibu na mgonjwa dakika kumi na tano. Basi akaleta saa ya jikoni, ile ya kupimia mayai, akaitega ilie kila baada ya dakika kumi na nne. Ikilia, wote wahame: aliye kwenye kikaango aende kwenye sinki, wa sinki aende kwenye mikate, ili mtu asitimize dakika kumi na tano na mwenzake. Wataalamu walikuwa wameshasema tangu Oktoba kwamba dakika za siku nzima hujumlishwa. Tillotson alijibu kwamba karatasi hiyo haijamfikia.

"Kwani huyu mdudu amevaa saa?" aliuliza Stan Mrozek, mpishi wa vya kukaanga, siku kengele ilipolia kwa mara ya kwanza.

"Amevaa," Arlys akamjibu. "Kampuni imemnunulia."

Stan alikuwa amefanya kazi hapo muda mrefu kumzidi hata Arlys. Kila akipumzika alikuja kuegemea dawati lake na kulalamika jinsi Packers, timu yao ya mpira, walivyotolewa Jumapili ile, tena nyumbani, hatua moja kabla ya fainali. Alilalamika Jumatatu. Alilalamika Jumanne. Jumatano hakuja, na jioni mkewe alipiga simu kusema gari la wagonjwa limemchukua.

Arlys aliposikia hakumfikiria Stan kwanza, na hilo lilimuuma baadaye. Alimfikiria Delmar.

Delmar ni mumewe. Alikula vumbi la kiwanda cha karatasi miaka thelathini, na kiwanda kikala mapafu yake. Mwaka wa tatu huo alikuwa na mrija wa oksijeni puani, na daktari, ambaye si mtu wa kupamba maneno, alimwambia Arlys: "Delmar akipata hii, sina la kukudanganya." Tangu Machi Arlys alikuwa akilala chini kwenye chumba cha cherehani, akila peke yake, akivaa barakoa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini mtu aliyechoka kiasi hicho huogeshwa, hukaushwa, hushikwa mkono hadi kitandani, na hakuna awezaye kumwogesha mtu akiwa chumba cha pili. Mchuma janga hula na wa kwao, na Arlys alikuwa ameliogopa hilo kila siku alipofungua mlango akirudi kutoka kazini.

Binti yao Renee aliishi Duluth, karibu saa nne kwa gari. Alikuwa na watoto wawili na likizo ya wiki mbili tu, na walikuwa wamekubaliana: mama akiugua, Renee atakuja amtunze baba. Ila asije kwa hofu tupu, maana likizo ikiisha bure hakuna nyingine. Kwa hiyo Arlys alihitaji kujua. Kituo cha wilaya cha kupima kilifunguliwa Jumanne tu, kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo, na majibu yake huja baada ya siku tano. Hadi hapo angekuwa amemwogesha Delmar mara ngapi?

Alhamisi alfajiri, kabla bwalo halijafunguliwa, akaenda hatua zile kumi hadi chumba cha biliadi, akaomba kichupa. Msichana wa mezani akatazama orodha, akasema jina lake halimo. Arlys akasema anajua halimo, ndiyo maana anaomba. Msichana akamwita Bi Pruitt, mkuu wa kamati ya korona, ambaye alikuja na barakoa mbili na sauti laini.

"Arlys! Unajua tunavyokupenda."

"Najua. Nipe kichupa."

"Ningependa sana. Ila mpango huu ni wa jamii ya chuo. Wewe uko chini ya kampuni, na kampuni ina utaratibu wake."

"Utaratibu wake ni kengele."

"Samahani?"

"Stan Mrozek yuko hospitali, Bi Pruitt. Juzi tu alikuwa ameegemea dawati langu, ananipumulia. Nyumbani nina mume ana mrija puani."

"Pole sana. Ulikaa naye dakika kumi na tano mfululizo?"

"Nani hukaa na rafiki yake ameshika saa?"

"Nakusikia, Arlys. Nakusikia kabisa."

Pale Halvorsen mkubwa akikwambia anakusikia, ujue mlango umeshafungwa na ufunguo anao yeye. Nyuma yake maboksi ya vichupa yalipangwa ukutani hadi usawa wa kiuno. Maelfu. Mwanamke mmoja wa miaka sitini na miwili anaomba kimoja atemee mate, na familia inamwambia si wa humo. Kama hilo halikukasirishi, wewe nawe una roho ya kamati.

Kwenye foleni, kichupa mkononi, alikuwepo Marisela Ocaranza wa mwaka wa tatu, mtoto wa Milwaukee. Huyu mwaka wake wa kwanza alikuwa akiruka milo ili asionekane akila peke yake, na Arlys ndiye aliyemgundua, kwa swali lake lile, akamwekea stuli kando ya dawati mpaka alipopata marafiki. Alisikia kila neno. Ilipofika zamu yake alijifanya anatema, akageuka ukutani, akakiingiza kichupa kwenye mkono wa koti, akatoka moja kwa moja hadi dawati la Arlys.

"Mama Arlys, umeshakunywa kahawa?"

"Nimekunywa hasira tu."

"Hiyo hawajaikataza. Tema humu."

Arlys akakitazama kichupa. "Kina jina lako."

"Jina langu leo halina kazi. Jumatatu nilitema, na Jumatatu nitatema tena."

"Na kikisema ninao? Watakufungia wewe siku kumi."

"Siku kumi nalala, chakula naletewa mlangoni! Mama yangu mzazi hajawahi kunifanyia hivyo."

"Una wazimu, mtoto wewe."

"Ninao. Tema kabla Tillotson hajaja na mayai yake."

Arlys akaenda nyuma ya mashine ya maziwa. Kinywa kilikuwa kikavu kama unga. Alisimama pale dakika nzima ameinamia kichupa, barakoa imening'inia sikio moja, hakuna kitu.

"Fikiria ndimu," Marisela akanong'ona kutoka upande wa pili.

"Namfikiria Pruitt."

"Huyo atakukausha zaidi!"

Mwishowe mate yakaja, mpaka kwenye mstari. Marisela akaenda kukiangusha kwenye sanduku. Wapo watakaosema walikosea, na walikosea kweli, na mtaona. Lakini atakayewahukumu aanze na yule aliyeketi juu ya maboksi.

Jioni ile Arlys hakumwogesha Delmar. Alimwekea chakula mlangoni pa chumba, akasimama mbali.

"Leo utalala na jasho lako," akamwambia.

"Nimekaa kiwandani miaka thelathini," Delmar akasema. "Mimi na uchafu ni ndugu."

Ijumaa saa tano na dakika mbili simu ya dawatini ikalia. Alikuwa Marisela, na hakuwa akicheka.

"Mama, ni nyekundu. Ondoka hapo. Usiingie kwako."

Arlys akashuka kwenye kiti. Alimwita Tillotson kwa dirisha la jikoni akamwambia anaumwa, anakwenda zake, na afadhali awapeleke wote nyumbani. Tillotson akauliza nani amempima. Arlys alikuwa ameshashika mlango wa nje. Kutoka kwenye gari alimpigia Renee, na Renee hakuuliza swali hata moja, alisema tu, "Natoka sasa."

Nyumbani hakuingia. Alisimama kwenye theluji nje ya dirisha la chumba cha Delmar, simu sikioni, na yeye Delmar ndani na simu yake, wanatazamana.

"Ninao, Del."

Mashine ya Delmar ilisikika ikipumua. "Utalala wapi?"

"Kwenye kibanda chako."

Kibanda hicho ni kile ambacho wanaume wa huko hukivuta juu ya ziwa lililoganda, wakatoboa barafu, wakakaa ndani siku nzima wakivua samaki na kuwakimbia wake zao. Cha Delmar kilikuwa uani bila kazi mwaka wa tatu, kina kitanda cha mbao na jiko la gesi.

"Hakuna mwanamke aliyewahi kulala humo," Delmar akasema.

"Ndivyo unavyosema wewe," akamjibu, na wote wawili wakacheka, kisha wakaacha.

Renee alifika kabla ya jua kuzama. Jumamosi homa ilimshika Arlys sawasawa. Katikati ya homa hiyo Marisela akapiga kutoka hoteli ya barabarani ambako chuo kilikuwa kikiwatenga wagonjwa wake.

"Mimi mzima kabisa, Mama. Ila kuna jambo."

"Sema."

"Wenzangu wa nyumba. Sita. Wamefungiwa wote, siku kumi na nne, kwa sababu walikuwa na mimi. Joelle alikuwa aanze mazoezi ya uuguzi Jumatatu. Akikosa anarudia mwaka. Alilia simuni hadi nikamkatia."

Wasichana sita. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliyewafikiria, nyuma ya mashine ya maziwa. Jina lilikuwa la Marisela, na jina lina watu wake.

"Usiseme, Mama," Marisela akaendelea. "Watakutoa kwenye kiti. Nitamwambia Joelle ukweli, atavumilia."

"Kwa nini avumilie yeye? Yeye kanikatalia kichupa?"

"Mama..."

"Kiti ni cha kampuni, mwanangu. Lala."

Jumapili akaipigia namba ya dharura ya kamati. Ilichukua muda Bi Pruitt kuja kwenye simu.

"Mate ya Marisela Ocaranza, yale ya Alhamisi, ni yangu. Nilimlazimisha anipe. Wafungulie wasichana."

Alikuwa akidanganya hapo kwenye kulazimisha, na ndiyo sehemu pekee waliyoiamini bila kuuliza.

Siku hiyohiyo jioni Stan Mrozek alifariki. Mkewe aliruhusiwa kumuaga kwa simu iliyoshikwa na muuguzi.

Jumatatu wakamweka Arlys kitako. Kikao kilikuwa cha kompyuta ya Renee, iliyopitishwa mlangoni pa kibanda: Pruitt, Tillotson, na mwanasheria ambaye hakutaja jina. Arlys alikuwa amevaa koti la kuvulia la Delmar na anakohoa. Walimwuliza alitema saa ngapi. Walimwuliza kama kuna wafanyakazi wengine waliotema. Walimsomea kifungu cha matumizi mabaya ya vifaa vya kupimia. Hakuna aliyemwuliza anapumuaje, na hakuna aliyemtaja Stan mpaka yeye mwenyewe alipomtaja, na hapo mwanasheria akasema jambo hilo liko nje ya ajenda. Nje ya ajenda! Mtu amekaanga samaki wao kila Ijumaa miaka ishirini na minne.

Wasichana wakafunguliwa siku ileile, na Joelle akawahi mazoezi yake. Marisela alipimwa upya akaonekana hana, akapewa onyo na kuandikishwa barua ya kuomba radhi kurasa mbili. Tillotson akampigia Arlys kumwambia kampuni inamshukuru kwa utumishi wake, na kwamba mlangoni sasa kuna mashine ambayo wanafunzi wanagusisha simu wenyewe.

"Inawauliza walikuwa wapi?" Arlys akasema.

"Inafanya nini?"

"Basi."

Jumanne Renee alimfunga baba yake mablanketi, akapakia mashine ya oksijeni, akampeleka uwanja wa mifugo. Zikaanza siku tano. Arlys aliugua, ila mwili wake ulikuwa na ukaidi wake. Supu ya kuku aliwekewa kizingitini. Kila jioni Delmar alikaa dirishani na wakaongea kwa simu kuvuka ua, na kila alipokohoa, kikohozi chake cha siku zote cha kiwanda, Arlys alishika ukingo wa kitanda akikisikiliza kama ni kilekile au kimebadilika. Hasira ilimsaidia sana siku hizo. Hofu peke yake ingemlaza.

Jumapili adhuhuri Renee alitoka nje bila koti, akikimbia kwenye theluji kwa ndala.

"Hana! Mama, baba hana!"

Arlys alikaa sakafuni mwa kibanda, karibu na tundu la kuvulia, akalia kwa sauti, jambo ambalo watu wa huko hawalifanyi. Delmar dirishani aliinua kikombe cha kahawa. Angekuwa amemwogesha Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi. Mtoto wa watu na kichupa cha wizi ndio waliomzuia.

Jioni hiyo ndipo Renee, akitaka kuona hali ya mji, alipofungua kwenye simu ukurasa walioita ubao, ambako chuo kilikuwa kikiweka hesabu ya wagonjwa wake ili wazazi watulie. Jumapili iliyotangulia uliandika arobaini na mmoja. Sasa uliandika arobaini, na mshale mdogo wa kijani ukitazama chini, na maneno: Tunafanya vizuri, familia ya Halvorsen!

Arlys akausoma mara mbili. Walikuwa wamemtoa Marisela, na hiyo ni haki, kwa kuwa Marisela hakuugua. Lakini mate yale yalikuwa ya mtu. Mtu huyo aliambukizwa mle ndani, akihudumia watoto wao, na alipotolewa kwenye jina la mwingine hakuwekwa popote. Stan hakuwamo tangu mwanzo.

Asubuhi ya Jumatatu saa tano akapiga ofisini kwa kamati.

"Arobaini na wawili," akasema.

"Samahani, nani mwenzangu?"

"Arlys Budzinski. Ubao wenu una makosa. Mimi na Stan Mrozek. Arobaini na wawili."

Wakamwambia ubao ni wa jamii ya chuo. Jumanne akapiga tena, saa ileile. Bi Pruitt alikuja simuni mara moja, akasema anamsikia, na baada ya hapo hakuja tena. Arlys alipiga Jumatano na Alhamisi. Delmar, aliyeogeshwa sasa na mkewe, akawa anamkumbusha saa ikikaribia. Wiki ya tatu karani aliyepokea alikuwa binti mpya, na aliposikia sauti alishusha yake.

"Mama Arlys? Ni Tamsin. Nilimaliza mwaka juzi. Ulikuwa ukinipa ndizi ya pili."

"Tamsin! Mguu ulipona?"

"Ulipona. Mama, mimi najua ni kweli. Hapa wote tunajua. Lakini sina ruhusa ya kubadilisha."

"Najua huna, mwanangu. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Basi andika kwenye karatasi yako. Arobaini na wawili. Kisha unisomee."